Habib Saleh na bakora yangu

Nasomesha madrasa hapa Same. Nakiri kwamba miaka ya mwanzo bakora yangu ilisema kuliko mimi. Watoto walioteremka milimani wakija siku mbili tatu, kisha hawaonekani tena. Nikawalaumu wazazi.

Aliyenifedhehesha ni Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935. Sharifu huyu wa Jamalilleil alitoka Ngazija angali kijana, akahamia Lamu, ambako elimu ya dini ilishikwa na koo chache. Yeye akakaa Langoni na watumwa na wageni, akawatibu na kuwasomesha. Wakubwa wa mji walichukia, hasa alipoingiza matari katika maulidi. (Mjadala wa matari tuuache, si hoja yangu leo.) Ninachotazama mimi ni kuwa mtu aliyezoea kuambiwa hafai alikaribishwa mkekani, akapewa tari, akapewa na kitabu, na kesho yake akarudi mwenyewe. Hapo ndipo ulipoinuka Msikiti wa Riyadha, ukavuta wanafunzi wa pwani nzima.

Ndugu zangu maustadhi, juzi mtoto mmoja wa Mbaga, mwenye kigugumizi, ambaye hujificha nyuma, nilimwomba awaongoze wenzake kusoma alifu. Tulimsubiri mpaka akamaliza. Bakora iko darini.