Ritter: Aliyegundua miale isiyoonekana

MAFURIKO yanapoijaza delta ya Mto Rufiji, kama yalivyofanya Aprili 2024, wakazi wa huko na wa Kibiti hawawezi kutambua kwa macho vijidudu vilivyomo majini. Njia mojawapo ya kuvifichua ni miale ya urujuanimno, iliyogunduliwa na Mjerumani Johann Wilhelm Ritter.

Ritter alizaliwa Desemba 16, 1776, Silesia, katika sehemu ambayo sasa ni ya Poland. Alianza kama mwanagenzi wa mfamasia, kisha mwaka 1796 akaingia Chuo Kikuu cha Jena.

Mwaka 1801 aliweka kloridi ya fedha penye mwanga wa jua uliotawanywa na prizimu. Ilibadilika kuwa nyeusi upesi zaidi ng'ambo ya rangi ya urujuani, mahali pasipoonekana mwanga wowote.

Ugunduzi huo haukumtajirisha. Alijipitishia umeme mwilini kwa ajili ya majaribio, afya ikadhoofika. Alifariki dunia mjini Munich, Januari 23, 1810, akiwa fukara mwenye miaka 33.

Mwaka 2019 watafiti wa Japani, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nagoya, walitangaza leza ndogo ya semikonda inayotoa miale ya nanomita 271.8. Miale ya aina hiyo huzifanya protini za vijidudu zing'ae. Kwa vijiji vilivyo mbali na maabara, kipimo kinachobebeka mkononi ndiyo faida inayotarajiwa.