Henri Moissan: Alikosa cheti cha shule, akaishia kupika metali na silikoni

UKITOKA Isiolo mjini, upite Garba Tula na uzidi kwenda mashariki, utafika Sericho. Huko ni nchi tambarare ya wafugaji wa ngamia, nchi ya mchanga na miiba. Kwa miaka mingi wachungaji walikuwa wakiona mawe meusi, mazito kupita kiasi, yamelala mahali ambapo hakuna mlima wala mwamba wa kuyatoa. Ni mwaka 2016 ndipo ilipojulikana kwamba hayo ni vipande vya kimondo kilichoanguka kutoka angani. Vikipimwa pamoja, vilivyopatikana vinakaribia tani 3.

Ukikata kipande cha kimondo cha Sericho na kukisugua, unaona chuma na nikeli ziking'aa, na katikati kuna fuwele za kijani na manjano zinazoitwa olivini. Ndani ya olivini kuna silikoni, ila imeshikana na oksijeni. Hata mchanga wa Ewaso Nyiro uko hivyo hivyo. Hapa duniani, silikoni utaipata karibu daima ikiwa imekumbatiwa na oksijeni.

Sasa, ukiitoa silikoni kwa oksijeni na kuiunganisha na metali moja kwa moja, unapata nini? Unapata kitu kinaitwa silisidi. Kiasili silisidi ni adimu sana duniani, ingawa zipo ndani ya vimondo vya aina fulani. Na kati ya watu waliotufundisha kuzipika ni Mfaransa mmoja ambaye pia alikuwa na hamu kubwa ya mawe ya angani: Henri Moissan.

Moissan alizaliwa Paris, Septemba 28, 1852. Babake aliajiriwa na kampuni ya reli, mamake alikuwa mshonaji. Hawakuwa watu wa pesa. Mwaka 1864 familia ilihamia mji mdogo wa Meaux, na huko kijana akasoma, lakini hakupata cheti cha kumfungulia mlango wa chuo kikuu. Kwa lugha ya siku hizi tungesema alikosa alama. Akawekwa kwa fundi wa saa ajifunze kazi.

Mwaka 1870 vita vya Ufaransa na Prussia vikalipuka. Familia ikarudi Paris, naye akaingia jeshini kwa muda. Baadaye akapata kazi ya uanagenzi katika duka la dawa. Siku moja aliletwa mtu aliyekuwa amemeza sumu ya aseniki, na kijana huyu akafanikiwa kumwokoa. Hapo ndipo watu walianza kumwangalia kwa jicho lingine.

Mwaka 1872 alijiunga na maabara ya Edmond Frémy, kisha akaenda kwa Pierre Paul Dehérain, ambaye alimsukuma arudi kwa vitabu. Mtihani wa cheti kile kile aliokosa aliufanya tena, akaupita mwaka 1874. Alikuwa anakaribia miaka 22. Mwaka 1879 akahitimu kuwa mfamasia, na 1880 akapata udaktari. Mwaka 1882 alimwoa Léonie Lugan, binti wa mfamasia wa Meaux. Baba mkwe ndiye aliyemsaidia kifedha ili aweze kukazana na utafiti.

Na utafiti aliochagua ulikuwa wa hatari. Kulikuwa na kipengele kimoja, florini, ambacho wanakemia walijua kipo lakini hakuna aliyekuwa amekitoa peke yake. Florini hushambulia karibu kila chombo unachoitilia. Asidi yake hupenya ngozi hadi mfupani. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa walikufa wakiitafuta. Moissan mwenyewe alilewa na sumu mara kadhaa, akalazimika kusimamisha kazi apate nafuu kwanza, kisha akarudi.

Juni 26, 1886, alipitisha umeme ndani ya asidi hiyo kwenye chombo cha platinamu kilichopozwa kwa baridi kali. Gesi ikatoka. Alijuaje kuwa ni florini? Aliiletea kipande cha silikoni, na silikoni ikashika moto papo hapo bila kiberiti.

Akademia ya Sayansi ilituma wakubwa waje kujionea. Siku hiyo mtambo ulikataa kabisa, hakuna gesi iliyotoka. Hebu fikiria aibu hiyo! Baada ya wageni kuondoka, aligundua kosa: alikuwa ameisafisha asidi kupita kiasi, hivi kwamba haikubaki na chumvi ya potasiamu ya kupitisha umeme. Akaongeza chumvi, wakubwa wakarudi, gesi ikatoka.

Mwaka 1892 akageukia moto. Aliunda tanuri la umeme kwa vipande vya chokaa vilivyowekwa kimoja juu ya kingine, na fimbo mbili za kaboni ndani. Cheche kubwa ya stima ikaruka kati ya fimbo hizo, joto likapita nyuzi 3,000. Kumbuka chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538 tu. Lengo lake lilikuwa kutengeneza almasi, na mwaka 1893 alitangaza kuwa amefaulu. Lakini wengine walipojaribu njia yake hawakupata kitu.

Alitafuta almasi hata ndani ya kimondo cha Canyon Diablo, kule Arizona, Marekani. Akaona fuwele ngumu ajabu, akadhani amezipata. Mwaka 1904 alikiri zilikuwa kitu kingine: kabidi ya silikoni, yaani silikoni iliyoungana na kaboni. Mwaka uliofuata jiwe hilo likapewa jina lake, moissanite. Leo watu huvaa pete zake badala ya almasi.

Huku almasi zikimponyoka, tanuri lilikuwa likimpa vitu ambavyo hakuna aliyevitamani. Alichanganya silikoni na chuma, na kromiamu, na vanadiamu, akapata silisidi moja baada ya nyingine. Mwaka 1902 akatengeneza silisidi ya lithiamu. Nani angeitaka wakati huo?

Leo jibu liko karibu. Simu mpya mpya zenye betri ya silikoni, ukizichomeka kwa chaji, lithiamu huingia ndani ya silikoni na kuungana nayo. Kwa uzito ule ule, silikoni hubeba lithiamu karibu mara kumi kuliko grafiti ya betri za kawaida. Shida ni kuwa hufura mara tatu hivi ikishiba, na ikifura hupasuka. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya na kaboni.

Silisidi za metali nyingine nazo ziko kazini. Mchanganyiko wa chuma na silikoni hutiwa kwenye chuma cha pua kikiwa bado uji, ili unyonye oksijeni inayokiharibu. Silisidi ya molibdenamu hutumika kama waya wa joto katika matanuri ya hadi nyuzi 1,800. Haiungui hewani kwa sababu ikipata moto hujifunika ngozi nyembamba kama kioo. Na ndani ya chipu za kompyuta, silisidi za kobalti na nikeli ndizo huunganisha nyaya na silikoni.

Desemba 1906 Moissan alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Mfaransa wa kwanza kuipata katika somo hilo, kwa ajili ya florini na lile tanuri. Hakuifurahia sana. Miezi miwili baadaye aliugua kidole tumbo, akafariki Paris Februari 20, 1907, akiwa na miaka 54. Mwanawe wa pekee, Louis, aliuawa vitani mwaka 1914.

Almasi aliyoitaka hakuipata. Alichotupa ni vile vipande vyeusi vilivyobaki chini ya tanuri, ambavyo alivipima na kuviandika kwa makini ingawa havikuwa na soko. Wachungaji wa Sericho nao walipita kando ya mawe meusi miaka na miaka. Thamani ilikuwa pale pale, ikingoja mtu wa kuinama na kuuliza hili ni nini.