Luria: Daktari Mrusi aliyewatafutia majeruhi wa vita njia ya kusema tena

Mtu anapopatwa na kiharusi au jeraha la kichwa akapoteza uwezo wa kusema, aghalabu jamaa zake hudhani kwamba na akili pia imemtoka. Sivyo. Hali hiyo, ambayo madaktari huiita afasia, yaweza kumwacha mgonjwa na fikira zake lakini akose njia ya kuzitoa, au asikie sauti za wenzake asipambanue maneno.

Miongoni mwa wataalamu waliojitolea kuichunguza na kuitibu hali hiyo, jina la Alexander Romanovich Luria halikosi kutajwa. Mrusi huyo huhesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa nyurosaikolojia, taaluma inayochunguza uhusiano uliopo kati ya ubongo na fikira, usemi na matendo ya binadamu.

Luria alizaliwa Julai 16, 1902, katika familia ya Kiyahudi mjini Kazan, kando ya mto Volga. Babake, Roman Luria, alikuwa daktari. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta kijana huyo akiwa na umri wa miaka 15, na kufikia 1921 alikuwa tayari amehitimu katika Chuo Kikuu cha Kazan.

Wakati huo saikolojia ilimvutia kuliko udaktari. Alianzisha chama kidogo cha kujadili mafundisho ya Sigmund Freud, na hata akaandikiana barua na bingwa huyo wa Vienna.

Alipohamia Moscow, alikutana mwaka wa 1924 na Lev Vygotsky, msomi aliyebadilisha mkondo wa maisha yake. Vygotsky alifundisha kwamba uwezo wa juu wa akili, kama vile kukumbuka kwa makusudi na kufikiri kwa maneno, hauoti wenyewe kama jino. Mtoto huupata kwa kuishi na watu na kutumia zana alizorithishwa na jamii yake, lugha ikiwa ya kwanza.

Fikra hiyo ilimponza Luria kabla ya kumjengea sifa. Mwaka wa 1931 na 1932 aliongoza misafara ya utafiti hadi Uzbekistan, ili kuona jinsi kujua kusoma na kuandika kulivyobadilisha namna ya kufikiri ya wakulima. Alishutumiwa kwamba amewadunisha watu wa huko, na kitabu chake kuhusu utafiti huo hakikutoka hadi 1974.

Vygotsky alifariki mwaka wa 1934 kwa kifua kikuu. Luria naye, akiwa tayari mtafiti mwenye jina, alirudi darasani kusomea udaktari na kufuzu mwaka wa 1937. Baadaye aliingia katika taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyoongozwa na Nikolai Burdenko jijini Moscow, na huko akazama katika uchunguzi wa afasia.

Kufikia wakati huo, elimu ya ugonjwa huo ilikuwa na umri wa miaka themanini hivi. Mwaka wa 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza usemi baada ya kuharibika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka wa 1874, Mjerumani Carl Wernicke alitaja sehemu nyingine, iliyo nyuma zaidi, ambayo ikidhurika mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno yake hayashikamani, na ya wenzake hayaelewi.

Kutokana na uvumbuzi huo, wengi waliuona ubongo kama nyumba yenye vyumba, kila chumba na kazi yake. Chumba cha usemi kikibomoka, basi usemi umekwisha. Luria aliikataa hukumu hiyo. Kwake, kusema ni kazi ya sehemu nyingi zinazosaidiana, kila moja ikitoa mchango wake. Sehemu moja ikiharibika, kazi nzima huvurugika, lakini zile zilizosalia zaweza kupangwa upya zikaifanya kwa njia nyingine.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyompa nafasi ya kuijaribu imani hiyo. Baada ya Ujerumani kuuvamia Muungano wa Kisovieti mnamo Juni 1941, Luria alitumwa kuongoza hospitali ya majeruhi wa ubongo huko Kisegach, karibu na milima ya Ural. Waliofikishwa hapo wengi wao walikuwa vijana waliopigwa risasi au vipande vya mabomu kichwani.

Uchunguzi wake haukuhitaji mitambo. Alitumia karatasi, kalamu, picha na maswali mepesi kando ya kitanda. Hakutosheka kujua kwamba mgonjwa ameshindwa, bali alitaka kujua ameshindwa vipi. Watu wawili waweza kushindwa kuandika neno lile lile kwa sababu tofauti kabisa: mmoja hapambanui sauti za bata na pata, mwingine anazisikia barabara lakini hawezi kuzipanga herufi kwa zamu yake. Kuwapa tiba moja ni kumpotezea wakati mmoja wao.

Aliyesahau jinsi ya kuuweka ulimi na midomo alifunzwa kutazama kinywa chake katika kioo, macho yaifanye kazi iliyoushinda mwili. Aliyeweza kutaja vitu lakini asiweze kuanzisha maelezo aliwekewa vipande vya karatasi mbele yake, akawa anavigusa kimoja kimoja huku akiunga sentensi. Mpango uliopotea ndani ya kichwa uliwekwa juu ya meza.

Mgonjwa wake aliyejulikana zaidi ni askari aitwaye Zasetsky, aliyepigwa risasi mwaka wa 1943 ikamjeruhi sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto. Hakuweza tena kusoma, na tofauti ya ndugu ya baba na baba ya ndugu ilimtatiza. Kila alipojaribu kuandika, alikwama kwenye herufi.

Ndipo siku moja alipoambiwa asiziwaze herufi, bali auachilie mkono uandike neno zima bila kuuinua. Mazoea ya zamani ya mkono yalikuwa hayajafa. Zasetsky aliandika, akaendelea kuandika habari za maisha yake kwa zaidi ya miaka 25, kurasa zipatazo 3,000, ingawa kuyasoma aliyoyaandika kulimtaabisha mno. Hakupona. Luria aliitoa habari yake katika kitabu mwaka wa 1971.

Matunda ya kazi ya hospitali hiyo yalikuwa yamechapishwa mapema zaidi, katika kitabu kuhusu afasia ya majeruhi kilichotoka mwaka wa 1947. Lakini mwaka wa 1950, serikali ya Stalin ilipowashurutisha wanasayansi wafuate mafundisho ya Ivan Pavlov, Luria aliondolewa katika taasisi ya upasuaji. Alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili hadi mwishoni mwa muongo huo, aliporejea kwenye uchunguzi wa ubongo. Kitabu chake kikuu kuhusu kazi za juu za ubongo kilitoka mwaka wa 1962.

Wataalamu wa nchi za Magharibi walimheshimu, lakini baadhi yao walilalamika kwamba uchunguzi wake ulitegemea mno jicho la mchunguzi na haukuwa na alama za kulinganishia wagonjwa. Anne-Lise Christensen wa Denmark aliupanga uwe mwongozo wa kufundishia, na huko Nebraska, Marekani, ukageuzwa kuwa mtihani wenye alama. Wengine nao wakapinga, wakisema kwamba kuhesabu makosa bila kuyachambua ni kuacha lile lile alilolisisitiza.

Luria alifariki jijini Moscow Agosti 14, 1977, akiwa na umri wa miaka 75, baada ya kusumbuliwa na maradhi ya moyo. Mvutano huo haujesha hadi leo, lakini mtaalamu anayemtibu mgonjwa wa kiharusi kwa kutafuta kwanza kilichosalia, kabla ya kuorodhesha kilichopotea, anafuata njia ambayo Luria aliitembea Kisegach.