Jason Sendwe na somo la uraia



Tukiingia darasani katika shule zetu za Kiprotestanti hapa Kalemie na kuuliza Jason Sendwe ni nani, jibu la haraka ni kwamba ni hospitali ya Lubumbashi. Wachache wanaongeza kwamba alikuwa mtu wa siasa wa zamani. Kwamba alikuwa mwalimu na mhubiri aliyelelewa na Wamethodisti, kwamba aliongoza jimbo akiwa katika mji huu wetu, na kwamba aliuawa hapa tarehe 19 Juni 1964, hawayajui. Si kosa lao. Sisi wazazi na wachungaji hatukuwasimulia.

Tumeona vema kuandika maisha yake kwa ajili ya kozi ya elimu ya uraia na maadili. Kozi hiyo imo katika programu ya taifa, shule ya msingi na sekondari. Tena Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 45, inaidai serikali kufundisha haki za binadamu, uhuru wa raia na wajibu wao, na hata kufundisha Katiba yenyewe. Watoto wanakariri: demokrasia ni nini, bunge ni nini, raia mwema ni nani. Wanapata pointi nzuri. Lakini ukifika mwaka wa uchaguzi, mtu wa kabila letu akishindwa, neno la wizi linatoka midomoni kabla matokeo hayajasomwa, na wanaolisema ni wale wale waliopata pointi nzuri. Huenda maisha ya mtu mmoja yakafundisha pale ambapo daftari limeshindwa.

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, teritware ya Kabongo, katika ukoo wa Kiluba. Wamisionari wa Kimethodisti ndio waliomfungulia mlango wa kusoma. Alitamani kuwa daktari. Wakati ule hapakuwa na shule ya kumfikisha huko katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu mweusi mwenye akili aliweza kuwa karani, mwalimu, mhubiri au muuguzi, na hapo ngazi ilikatika. Basi Sendwe alifundisha, akahubiri, akawauguza wagonjwa.

Tukumbuke shule hizo zilikuwaje. Za Kiprotestanti hazikupewa msaada wa fedha na serikali ya koloni hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Zilifundisha kusoma Biblia, hesabu, usafi, kazi za mikono na utii. Tunawashukuru waliozijenga, kwa maana bila wao wengi wetu tusingejua kusoma. Lakini hakuna aliyemfundisha mtoto namna ya kumpinga mkubwa kwa heshima, wala namna ya kushindwa bila kumchukia aliyeshinda. Serikali haikutaka somo hilo lifundishwe. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji ulifanyika Desemba 1957 katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville tu. Sendwe alikuwa na miaka 40. Kutoka kura hiyo ya kwanza hadi siku ya uhuru ilipita miaka miwili na nusu.

Mwaka ule ule wa 1957 alianzisha BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, ambacho baadaye kikawa chama cha siasa. Sendwe alitaka Kongo moja isiyogawanyika. Hapa inatupasa kusema kweli: aliyehubiri umoja wa nchi nzima alisimama juu ya jina la kabila moja. Wengi walifanya hivyo wakati ule, na wengi wanafanya hivyo leo.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Moïse Tshombe wa CONAKAT. Naye pia alikuwa mwana wa shule za Kimethodisti. Waliimba tenzi zile zile na kusoma Biblia ile ile. Kwa muda mfupi mwaka 1959 vyama vyao vilikuwa pamoja, kisha mwaka haujaisha wakaachana. Labda ndiyo sababu makanisa yetu hupenda kunyamaza juu ya habari hii. Ni vigumu kuhubiri juu ya ugomvi wa ndugu wawili wa nyumba moja wakati watoto wa wote wawili wameketi kwenye mabenchi yako.

Mwezi Mei 1960 watu walipiga kura. Baraza la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. CONAKAT ilipata 25, muungano wa Sendwe 23, na 12 vilikwenda kwa wengine. Sheria ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe, yaani watu 40. Wajumbe wa upande wa Sendwe walikataa kuingia barazani, wakijua kwamba bila wao hesabu haitimii. Basi katikati ya Juni, wiki mbili kabla ya uhuru, bunge la Ubelgiji likaibadilisha sheria hiyo, na Tshombe akaweza kuunda serikali bila wao.

Kama tungekuwa na saa moja tu ya kozi ya uraia kwa mwaka mzima, tungeitumia yote hapa. Upande mmoja ulisusa kikao ili kazi isifanyike. Upande wa pili ulishangilia kuona kanuni inabadilishwa mchezo ukiwa umeshaanza. Sisi tunaona kosa la pili ni zito kuliko la kwanza, maana aliyeibadilisha kanuni alikuwa mgeni mwenye nguvu aliyekuwa anafunga mizigo yake. Lakini kususa nako hakukuwa njia. Waliopiga kura Manono, Kabalo na Kabongo waliwatuma wajumbe wao wakaseme, na viti vyao vikabaki vitupu.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Serikali ya Lumumba ilimteua Sendwe kuwa Kamishna wa Taifa kwa Katanga, lakini kule kujitenga kulimzuia kuingia kazini. Kaskazini kukawaka moto. Askari wa Katanga walichoma vijiji vya Waluba. Nao vijana wa BALUBAKAT, waliojiita Jeunesse, waliua. Tarehe 8 Novemba huko Niemba, si mbali na hapa, askari 9 wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa kulinda amani waliuawa na Waluba wenye mishale na mapanga. Wazee wetu huliita jina la Niemba kwa sauti ya chini. Umoja wa Mataifa ulimtumia Sendwe kuwatuliza watu wake, naye alijaribu. Lakini vijana waliokwisha kuonja nguvu ya panga hawamsikilizi tena mwalimu, hata kama panga lilinolewa kwa jina lake. Kwa jambo hilo hatuwezi kumwosha. Kiongozi huulizwa pia habari ya wale wanaobeba jina lake.

Agosti 1961 akawa Naibu wa pili wa Waziri Mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula, hadi Januari 1963 alipotoka. Kujitenga kwa Katanga kulikomeshwa mwezi huo huo.

Septemba 1963 akachaguliwa kuwa rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, na makao yake yakawa Albertville, yaani Kalemie. Alikuta jimbo limechoka: fedha hazifiki, vijana hawana kazi, na ndugu wa chama kimoja wanatafunana. Machi 1964 baraza la jimbo lilimwondoa, na mwingine akashika kiti chake. Mwezi uliofuata akarudishwa. Watoto wanatakiwa kujua hili, kwamba katika mji huu, zaidi ya miaka 60 iliyopita, mkubwa wa jimbo aliondolewa na baraza akabaki hai.

Ila baraza halikudumu. Waasi wa upande wa Gaston Soumialot walikuwa wanapanda kutoka kaskazini, na mjini kwenyewe kulikuwa na vijana waliowangoja. Mwishoni mwa Mei kulikuwa na maasi ya kwanza. Katikati ya Juni mji ukaanguka. Sendwe akauawa. Alikuwa na miaka 47. Waasi nao walijiita warithi wa Lumumba, yaani watu wa Kongo moja, ile aliyoipigania marehemu. Majuma matatu baadaye Tshombe, aliyekuwa uhamishoni, aliitwa Léopoldville akawa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, na mwisho wa Agosti jeshi la serikali yake likauteka tena mji huu. Naye alikufa kifungoni Algiers mwaka 1969.

Baada yao somo la uraia lilipata hali mbaya zaidi. Walio na umri wetu na kuzidi wanakumbuka: chama kimoja, nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi kila asubuhi mbele ya bendera. Mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa, na mafundisho ya dini yakaondolewa yakapisha mafundisho ya chama. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulisainiwa, shule zikarudi mikononi mwa makanisa. Kwa hiyo tunalo neno la kusema juu ya kozi hii, na tunalo deni pia. Mwalimu wa shule yetu anayefundisha uraia kwa fimbo, asiyeruhusu swali, anarudisha asubuhi zile bila ngoma.

Tunajua hofu iliyopo. Katika jimbo letu vita vya Waluba na Watwa viliteketeza vijiji na shule, na mwaka 2017 kandokando ya Kalemie palijaa vibanda vya waliokimbia. Wengine watasema kumtaja Sendwe ni kuamsha ukabila. Sisi tunaona afadhali mtoto asikie habari hizi kutoka kwa mwalimu, zikiwa na pande zake zote, kuliko kuzisikia usiku kutoka kwa mtu anayetafuta vijana wa kubeba mishale.

Hivi karibuni tuliomba nafasi katika darasa la sita la shule moja ya mjini. Tuliwagawa wanafunzi kwa hesabu ya mwaka 1960, tukichukua wa darasa la pili watimize 60: hawa 25, hawa 23, na 12 wakakaa pembeni. Tukawauliza nani alegeze. Kelele zilikuwa nyingi, na haikuchukua dakika kumi wote wawili wakakataa. Ndipo msichana mmoja, kati ya wale 12, akanyoosha mkono akauliza wao walifanya nini siku zile. Tulimjibu kwamba wengi wao waliishia upande wa CONAKAT. Akauliza kama waliowachagua waliambiwa kwanza. Kengele ya mapumziko ilikuwa imeshalia, lakini darasa halikutoka.