Alitumwa mto Niger, dunia ikamkumbuka kwa Petra

Lazima umewahi kuona picha yake: jumba la mawe mekundu, nguzo ndefu, lote limechongwa kwenye mwamba katikati ya jangwa la Jordan. Hiyo ni Al-Khazneh, pale Petra. Wanabatea, Waarabu waliotajirika kwa biashara ya ubani na viungo, waliichonga yapata miaka 2,000 iliyopita. Kimo chake ni kama mita 40. Lakini leo stori ni ya jamaa aliyeifanya Ulaya ianze kuizungumzia, Johann Ludwig Burckhardt.

Alizaliwa Lausanne, Uswisi, 1784. Akiwa na miaka ishirini na kitu akaenda London kusaka kazi, mambo yakawa magumu. African Association, chama cha wakubwa wa London waliotaka kuijua Afrika, kikampa dili: aende akaufuatilie mto Niger. Kazi ya hatari hiyo. Baadhi ya waliotumwa kabla yake hawakurudi.

Burckhardt hakukurupuka. Alisoma Kiarabu Cambridge, akajizoesha kulala chini, kutembea juani kichwa wazi na kuishi kwa mboga na maji. Mwaka 1809 akaelekea Aleppo, Syria, akakaa zaidi ya miaka miwili akinoa lugha. Akafuga ndevu, akabadilisha mavazi, akajiita Sheikh Ibrahim.

Mwaka 1812, akisafiri kutoka Damascus kwenda Cairo, akasikia fununu za magofu huko Wadi Musa. Kuuliza waziwazi kungemponza, maana mgeni anayechungulia magofu alidhaniwa mwizi wa hazina. Basi akadai ana nadhiri ya kuchinja mbuzi kwa heshima ya Nabii Harun, ambaye kaburi lake inaaminika liko mlimani, ng'ambo ya magofu hayo. Nani angemkatalia?

Agosti 22, mwenyeji mmoja akampitisha kwenye njia nyembamba kati ya majabali, zaidi ya kilomita moja. Mwisho wa njia, Khazneh hiyo! Lakini hata kukaa achore hakuweza. Alipoanza kuingia ndani ya magofu, mwongozaji wake akamshuku. Jioni akachinja mbuzi wake, akaenda zake.

Tuelewane hapa: hakuigundua. Wabedui wa pale waliijua miaka yote. Waliamini mtungi ulio juu kabisa umeficha hazina ya Farao, wakaupiga risasi, na alama zipo hadi leo. Mtungi wenyewe ni jiwe tupu.

Na Niger je? Alifika Abu Simbel 1813, Makka 1814, kisha akarudi Cairo kungoja msafara wa kuvuka Sahara. Akangoja sana. Oktoba 1817 akashikwa na kuhara damu, akafa akiwa na miaka 32 tu. Vitabu vyake vilichapishwa akiwa tayari kaburini.

Alizikwa Cairo kama Mwislamu, kwa jina la Sheikh Ibrahim. Mto aliotumwa kuufuata hakuwahi kuutia machoni.