Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle na Darasa la Maskini

Yohane Mbatizaji de La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika familia yenye mali. Alikuwa padre na kanoni wa kanisa kuu, cheo chenye pato nono, ualimu hakuuwazia. Lakini aliwaona walimu wa shule za maskini wakihangaika, akawakaribisha kuishi nyumbani kwake. Ndugu zake walichukizwa mno. Mwaka 1683 aliacha ukanoni, kisha akawagawia wenye njaa mali yake.

Siku hizo watoto walianza kusoma kwa Kilatini, lugha wasiyoisikia nyumbani, na mwalimu alimwita mmoja mmoja huku wengine wakikaa bure. Mabruda wake walianza na Kifaransa, wakafundisha wanafunzi wa kiwango kimoja kwa pamoja. Taratibu hizo hakuzitunga peke yake mezani, na hapo ndipo ninapomstahi zaidi. Mabruda walizijaribu darasani miaka mingi, wakakutana, wazoefu wakasikilizwa, zikarekebishwa. Ndipo kikaandikwa kitabu chao cha uendeshaji wa shule, ambacho mwaka 1706 kilikuwa kingali maandishi ya mkono. La Salle alifariki Rouen, Ijumaa Kuu ya mwaka 1719. Kitabu kilipigwa chapa mwaka uliofuata.