Daudi Ochieng na karatasi ya benki iliyoitikisa Uganda

Ni nyaraka chache za siri zilizoleta msukosuko katika nchi jirani ya Uganda kama nakala ya akaunti ya benki iliyofichuliwa bungeni mwanzoni mwa mwaka 1966. Aliyeifichua ni Daudi Ochieng, mbunge wa chama cha Kabaka Yekka.

Ochieng alikuwa mtoto wa chifu Lacito Okech wa Acholi, kaskazini mwa Uganda. Alisoma King's College, Budo, kisha akaenda Wales kusomea kilimo. Ingawa hakuwa Mganda, urafiki wake na Kabaka Mutesa II ulimfikisha kwenye ukatibu mkuu wa chama kilichotetea ufalme wa Buganda.

Wakati huo waasi wa mashariki mwa Kongo walikuwa wakipigana na serikali yao, nayo serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote ikiwasaidia kwa siri kupitia kwa Kanali Idi Amin. Nakala aliyoipata Ochieng ilionyesha kwamba mwaka 1965, katika muda usiotimia mwezi, akaunti ya Amin iliingiziwa shilingi zipatazo 340,000, sawa na pauni 17,000.

Tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa ziarani kaskazini, Ochieng aliwasilisha hoja ya kumsimamisha Amin kazi ili achunguzwe. Alidai pia kwamba Obote na mawaziri wawili, Felix Onama na Adoko Nekyon, walinufaika na dhahabu ya Kongo. Hoja ilipita, mbunge mmoja tu ndiye aliyeipinga.

Kisheria, benki inawajibika kutunza siri za mteja wake. Lakini mbunge hashtakiwi kwa maneno aliyoyasema bungeni, na kinga hiyo ndiyo iliyomwezesha Ochieng kusema. Iliundwa tume ya majaji kutoka nje ya Uganda kuchunguza madai hayo. Amin hakukana akaunti hiyo, bali alieleza kuwa fedha zilikuwa za Wakongo aliowanunulia mahitaji.

Hata hivyo, Obote hakuingoja tume. Tarehe 22 Februari mawaziri watano, akiwemo Grace Ibingira, walikamatwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Muda mfupi baadaye katiba ilisimamishwa, na Amin, aliyetakiwa kusimamishwa kazi, akapandishwa cheo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipoamua kuwa mawaziri hao walizuiliwa kinyume cha sheria, waliachiliwa, kisha wakakamatwa tena kwa sheria za hali ya hatari. Walibaki kizuizini hadi mwaka 1971.

Ochieng hakuuona mwisho wa jambo alilolianzisha. Alifariki kwa maradhi tarehe 1 Juni 1966, siku chache baada ya jeshi kulivamia kasri la Kabaka na Mutesa kukimbilia uhamishoni.

Tume haikupata ushahidi wa kuwatia hatiani Obote na mawaziri wake. Lakini ripoti yake haikuchapishwa katika utawala wa Obote. Ilitolewa mwaka 1971, na aliyeamuru itolewe ni Amin mwenyewe, akiwa amekwisha kumpindua Obote.

Kinga ya Bunge ilimlinda Ochieng asishtakiwe. Haikuweza kulilinda Bunge lenyewe, wala katiba iliyolipa kinga hiyo.